Mdhamini wa Maonesho ya Taifa Ajulikane, na Alicholipa Kijulikane

Mkaazi wa Khuwair ya Kusini hana haja ya kuuliza mlingoti mpya wa bendera uko wapi. Mita 126 hazijifichi. Ulizinduliwa Mei 2025 pamoja na uwanja wa wazi uliopo chini yake, wenye bustani, njia za kutembelea kwa miguu na kwa baiskeli, na mahali pa kuonesha kazi za sanaa. Kazi hiyo ilifanywa kwa ushirikiano wa Baladia ya Muscat na kampuni ya chuma ya Jindal Shadeed, yenye kiwanda chake kule Sohar, na gharama yake ilitangazwa kuwa dola za Kimarekani milioni 10.

Tahariri yetu ya leo haihusu bendera. Inahusu jinsi habari ile ilivyotolewa. Kabla ya zege kukauka, msomaji wa magazeti ya hapa alikwishajua nani analipa, kiasi gani, na kitajengwa nini. Mlingoti ni wa chuma na mfadhili ni muuza chuma. Hilo halina siri na wala halina ubaya, kila mtu anajua kuwa mfanyabiashara hatoi mamilioni kwa ajili ya kutazama kitambaa kikipepea. Muhimu ni kwamba mpita njia anaweza kupiga hesabu yake mwenyewe, akasema kampuni imetoa hiki na imepata kile, akaridhika au asiridhike.

Tukitoka hapo tukatazama nyumbani, tunaona jambo ambalo limekuwa likitusumbua kwa muda mrefu. Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, ambayo wote tunayaita Sabasaba, yalifanyika kwa mara ya 49 mwaka 2025, katika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa. Kwa mfululizo huo ya 50 ni ya mwaka 2026. Zanzibar nayo ina maonesho yake ya kimataifa ya biashara kila Januari, katika shamrashamra za Mapinduzi, na miaka ya karibuni yamehamia Nyamanzi. Bado kuna Nanenane ya wakulima, inayofunga nchi nzima kila mwezi wa Agosti. Haya ni maonesho ya taifa, ya watu wote. Mtoto wa skuli anapelekwa kwa basi, mkulima anapeleka mazao yake, balozi anakuja na tai yake, na sisi tulio nje tukipanga likizo tunatazama kalenda ili tuyawahi.

Katika zama za mashirika ya umma mambo yalikuwa mepesi kueleweka. Serikali ilikuwa mwandaaji, na mashirika yake ndiyo yaliyojaza mabanda. Mfuko ulikuwa mmoja. Baada ya biashara kufunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, makampuni binafsi yakaingia, kwanza kama wenye mabanda, halafu kama wadhamini. Leo hakuna tukio kubwa la kitaifa lisilokuwa na orodha ya nembo chini ya bango lake. Sisi hatupingi. Serikali ambayo hospitali zake zina upungufu wa dawa haiwezi kulaumiwa kwa kumwomba mwenye benki achangie gharama za jukwaa. Mkono mtupu haulambwi, na maonesho hayafanyiki kwa dua peke yake.

Ugomvi wetu uko kwenye neno lenyewe. Mdhamini, kwa Kiswahili tulichokikuta kwa wazee, ni mtu anayejitia katika deni la mwenzake. Mshitakiwa hutafuta mdhamini, na akitoroka, mdhamini ndiye anayeulizwa. Mkopaji akishindwa kulipa, mdhamini ndiye anayeuza ng'ombe. Neno hili lina hasara ndani yake. Sisi tulioko Ghuba tunalo na ndugu yake, kafili, na hakuna Mswahili aliyefanya kazi huku asiyejua uzito wa kuwa na kafili au wa kumkosa. Lakini katika maonesho, mdhamini wa siku hizi ni kampuni iliyolipa ili jina lake liandikwe. Maonesho yakifana, jina limeonekana. Yakidorora, jina limeonekana vile vile, na hasara ni ya mwandaaji, maana yake ni ya serikali, maana yake ni ya mlipa kodi wa Mbagala na wa Mkwajuni. Huyo kwa lugha ya sokoni ni mnunuzi wa tangazo. Ni mtu wa maana na pesa yake inahitajiwa, lakini tusimvishe kilemba cha ukoka.

Wapo waliodhamini kwa maana kamili ya neno. Maonesho makubwa ya London ya mwaka 1851, yale yaliyofanyika ndani ya jumba la vioo katika bustani ya Hyde Park, hayakutoka katika hazina ya Uingereza. Hatuyasifu kwa kila kilichokuwamo. Humo ndimo ilimooneshwa almasi ya Koh-i-Noor, iliyochukuliwa India miaka miwili nyuma, na mwenye macho anaelewa maonesho yale yalikuwa yakimwonesha nani na yakimtisha nani. Lakini kwa upande wa fedha yana somo. Mwanzo, waandaaji walifunga mkataba na wakandarasi wawili, ndugu wa ukoo wa Munday, ambao wangetanguliza fedha na baadaye kugawana faida. Watu walipopata habari wakapiga kelele: vipi shughuli ya taifa zima iwe mradi wa watu wawili? Mkataba ukavunjwa. Badala yake ikapitishwa michango mijini, na matajiri wakatia saini kudhamini mkopo wa benki. Samuel Morton Peto, mjenzi wa reli, peke yake alijifunga kwa pauni 50,000. Maana yake ni kwamba maonesho yangeanguka, yeye angelipa.

Hayakuanguka. Zaidi ya watu milioni 6 waliingia, na zilikuwepo siku za kiingilio cha shilingi moja ili mfanyakazi naye aone. Faida ilifika kiasi cha pauni 186,000. Haikugawiwa matajiri. Ilinunuliwa ardhi ya South Kensington, mahali ambapo leo pana majumba makubwa ya makumbusho ambayo ndugu zetu wa London huwapeleka watoto wao siku za Jumapili. Tume iliyosimamia faida ile bado ipo na bado inatoa fedha za masomo.

Sasa tazama mji huo huo ulipoandaa maonesho ya mwaka 2000 ndani ya jengo la Millennium Dome, huko Greenwich. Walitarajiwa watu milioni 12, wakaja kiasi cha milioni 6.5. Makampuni yalikuwa yatoe pauni milioni 150, na kila moja ilichagua sehemu iliyoipenda: wauza dawa wa Boots wakachukua sehemu ya mwili wa mwanadamu, watengeneza silaha wa BAE Systems wakawa miongoni mwa wafadhili wa sehemu ya akili. Sehemu ya imani za dini ilizunguka muda mrefu ikitafuta mtu. Hesabu ilipofungwa, gharama zilikuwa pauni milioni 789, na milioni 628 katika hizo zilitoka kwenye fedha za bahati nasibu ya taifa, yaani kwenye mfuko wa umma. Makampuni yalibandika majina na bahati nasibu ikabeba shimo.

Na haikuishia kwenye fedha. Miongoni mwa waliokubali kuichangia ile sehemu ya imani walikuwa ndugu wa familia ya Hinduja, kwa pauni milioni 1. Januari 2001 waziri Peter Mandelson, ambaye alikuwa amewahi kuusimamia mradi wa Dome, alijiuzulu kwa sababu ya zogo juu ya maombi ya uraia ya mmoja wa ndugu hao. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulisema hakufanya kosa. Tunalitaja hili kwa ajili ya jambo moja: hata pale ambapo hapana kosa, mchango wa tajiri kwenye shughuli ya serikali ukichanganyika na shida yake binafsi serikalini, moshi unatosha kumtoa mtu machozi. Sisi kwetu matajiri wenye mabanda ndio wenye kesi za kodi, wenye maombi ya viwanja, wenye zabuni. Dawa yake ni kuanika mambo mapema, na karatasi haina gharama.

Wamarekani nao walifika mbali zaidi upande wa pili. Sheria yao inaizuia serikali kutumia fedha za umma kwa mabanda ya taifa katika maonesho ya dunia bila ya idhini ya Bunge, kwa hivyo kwa maonesho ya Shanghai ya mwaka 2010 waziri wa mambo ya nje, Hillary Clinton, alilazimika kuhimiza makampuni yachange, na zikapatikana dola zipatazo milioni 61. Milan mwaka 2015 mchango haukutosha, na waandaaji wakaachwa na madeni ya mamilioni. Dubai ilipofika zamu yake, kwa maonesho ya Expo 2020 yaliyofunguliwa Oktoba 2021, banda la taifa tajiri kuliko yote duniani lilijengwa kwa fedha za mwenyeji, Umoja wa Falme za Kiarabu. Mgeni alijengewa nyumba na mwenyeji akaambiwa asante kwa ukarimu. Nchi inayoacha kila kitu mikononi mwa wafadhili hufika mahali ikasimama mlangoni mwa jirani.

Turudi viwanjani kwetu, kwa sababu hasara kubwa haiko kwenye mabilioni. Iko kwenye mambo madogo ambayo mkataba wa udhamini huyapanga na ambayo anayeumia ni yule asiyeujua mkataba.

La kwanza ni udhamini wa vitu. Kampuni inasema imedhamini maonesho kwa shilingi milioni kadhaa, lakini fedha taslimu ndani yake ni kidogo. Zilizobaki ni muda wa matangazo redioni, fulana zenye nembo yake, maji ya chupa, na intaneti ya bure kwa wiki mbili, vyote vikihesabiwa kwa bei anayoitaka mwenyewe. Mwandaaji hawezi kumlipa mzoa taka kwa fulana. Katika ripoti yoyote ya mapato, taslimu ziandikwe mbali na vitu vitajwe kwa vitu.

La pili ni kuuza upweke. Mdhamini mkubwa hudai kuwa pasiwepo mshindani wake uwanjani: benki moja, mtandao mmoja wa simu, kinywaji kimoja. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni ugomvi wa wakubwa peke yao. Sivyo. Katika michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, kwa sababu McDonald's ilikuwa imenunua haki hiyo, wauza vyakula wengine viwanjani walikatazwa kuuza chipsi, ila zikiwa pamoja na samaki. Watu walicheka. Afrika Kusini mwaka 2010 hawakucheka: katika Kombe la Dunia wachuuzi waliozoea kuuza vyakula karibu na viwanja walijikuta nje ya mipaka iliyowekwa kwa ajili ya wafadhili wa FIFA. Ile ilikuwa michezo, lakini mkataba ni wa namna moja. Siku kampuni ya soda itakaponunua upweke wa vinywaji kwenye maonesho yetu, mama anayeuza maji ya ukwaju na juisi ya miwa ataambiwa na mlinzi afungashe, na mlinzi hatakuwa na barua ya kumwonesha.

La tatu ni mahali. Mwenye kulipa zaidi hupata lango, jukwaa na njia kuu, na anakuja na spika zake. Wauza asali wa Tabora, kina mama wa mwani wa Paje wenye sabuni zao, mtengeneza vikapu wa Iringa, hao husukumwa kule ambako watu wanafika wakiwa wamechoka na watoto wanalia kutaka kurudi nyumbani. Dau la mnyonge haliendi joshi, tunajua, lakini maonesho ya taifa yaliwekwa hasa ili kulisukuma dau hilo. Benki haina haja ya Sabasaba ili ijulikane. Mama wa Paje anayo, na mnunuzi mmoja kutoka Muscat au Hamburg anayesimama mbele ya meza yake dakika kumi anaweza kumbadilishia mwaka mzima.

Kwa hivyo tunasema wazi msimamo wetu. Jukwaa, taa, burudani, zawadi, hema la wageni wa heshima, vyote hivyo vinaweza kupewa makampuni na yaandike majina yao kwa rangi wanazozipenda. Lakini jina la maonesho lisiuzwe. Jengo lile la Greenwich tangu mwaka 2005 linaitwa kwa jina la kampuni ya simu, na vijana wa leo hawajui kama lilikuwa na jina jengine. Nafasi za wazalishaji wadogo kwenye njia kuu zitengwe kabla ya mdhamini yeyote hajaketi mezani. Kiingilio cha watoto wa skuli kilipwe na serikali, na safari zao zisitegemee nembo. Haki ya kuuza chakula na kinywaji isifungwe kwa mtu mmoja. Na kila mkataba wa udhamini unaozidi kiasi fulani, ambacho Bunge au Baraza la Wawakilishi litakipanga, uchapishwe kabla ya milango kufunguliwa, ukieleza kilicholipwa, kilichotolewa badala yake, na mwisho wake ni lini. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ana kazi yake na anaifanya, lakini ripoti yake huja baada ya mabanda kuvunjwa.

Tunajua watu watasema makampuni yatakimbia. Sisi hatuamini. Kampuni inayotangaza kwa bango la mita kumi kwamba imedhamini haiwezi kuona haya kusema imedhamini kwa kiasi gani. Iliyo na haya, basi ina sababu, na sababu hiyo ndiyo tunayoitaka.

Wapo pia watakaosema kuwa maonesho yauzwe moja kwa moja kwa mwendeshaji binafsi, serikali ipumzike. Kabla ya kufika huko watazame Nairobi. Maonesho ya Jamhuri Park yanaendeshwa na Chama cha Kilimo cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1901 na kufanya maonesho yake ya kwanza mwaka uliofuata. Kilikuwa chama cha walowezi na kwa maslahi ya walowezi, na si sisi wa kukipamba. Lakini ni chama chenye wanachama. Mfadhili anapoingia anamkuta mwenye nyumba, ambaye anaweza kusema ndiyo na anaweza kusema hapana. Mwendeshaji aliyenunua haki za miaka mitano hana mwanachama, ana mtaji wa kurudisha.

Neno letu la mwisho ni kwa sisi wenyewe tulioko nje. Kila kiongozi anayepita Muscat, London au Toronto hutuita tuwekeze. Tunapenda kutoa jibu. Tuko tayari kuwa wadhamini, kwa maana ile ya wazee. Pafunguliwe mfuko wa dhamana wa maonesho, kila mwenye uwezo atie saini kwa kiasi chake, mwenye riali 50 na mwenye riali 5,000. Maonesho yakijilipa, dhamana inarudi kwa mwenyewe bila kuguswa. Yakipata faida, faida ikajenge kumbi za wazalishaji wadogo. Yakipata hasara, tulipe, kila mtu kwa saini yake. Waswahili wa huku wamekwisha kuchangishana kwa ajili ya misiba, skuli na visima bila ya kuandikwa jina lao popote, hili halitawashinda.

Lakini mdhamini hatii saini gizani. Kitu cha kwanza tutakachokiomba ni hesabu za miaka mitano: viingilio, kodi za mabanda, na udhamini, taslimu mbali na vitu mbali. Zikiwekwa mezani, kalamu tutakuja nayo.